Usimchoree

Wiki hii tunaongelea watoto na kuchora. Usikimbie hata kama huna mtoto. Kama una mdogo wako wa darasa la 3, mpwa, binamu, au mtoto wa jirani anayegonga mlango kila Jumamosi kuuliza kama kuna biskuti, safu hii ni yako.

Fanya jaribio dogo. Muulize mtoto wa miaka 5: "Unajua kuchora?" Atasema ndiyo, tena atashangaa kwa nini unauliza, kisha atachukua risiti ya duka akuchoree kitu hapo hapo. Sasa muulize kaka yake wa miaka 10. Jibu mnalijua: "Mimi sijui kuchora." Hata penseli hagusi.

Rudia jaribio hilo kwa Kiswahili. Yule wa miaka 5 anaongea na bibi kwenye simu, anachanganya kila kitu, "Bibi, mimi nakula kitu kitamu, wewe unakuja lini nyumba yangu?", na wala hajali. Yule wa miaka 10 anaelewa yote anayoambiwa, halafu anajibu kwa Kiingereza, au anamrudishia mama simu. Wengi wetu tumepita hapo hapo. Wageni kadhaa wa kipindi chetu wamesimulia walivyoacha kuongea, na umri wanaoutaja hauko mbali na huo.

Mimi naona ni jambo moja. Mtoto anaanza kuona tofauti kati ya anachokitaka na kinachomtoka, iwe kwa penseli au kwa ulimi. Na wakati huo huo anapatikana mtu wa kumcheka, au wa kumfanyia. Akishachekwa mara mbili tatu, anaacha. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze namna ya kumfundisha mtoto kuchora na kuitazama sanaa bila kumfikisha hapo, na jinsi ambavyo Kiswahili chetu, hata kile cha kubabaisha, kinaweza kufanya kazi hiyo.

Jua kwenye kona

Tazama michoro ya watoto wa miaka 6 au 7, uwe Mombasa, Muscat au hapa kwetu Silicon Oasis. Chini kabisa kuna mstari wa ardhi. Juu kabisa kuna utepe wa buluu, hiyo ndiyo mbingu. Katikati ni karatasi tupu. Jua limebanwa kwenye kona. Mama ni mrefu kuliko nyumba.

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kuhamia Marekani, alizipanga hatua hizi za uchoraji wa watoto katika kitabu alichokitoa mwaka 1947, na walimu wanazitumia mpaka leo. Kwa ufupi, mtoto wa miaka 7 mpaka 9 anachora anachokijua kuliko anachokiona. Anajua ardhi iko chini na mbingu iko juu, basi anaziweka huko. Mama kuwa mrefu kuliko nyumba si kwamba kashindwa vipimo. Kwake yeye mama ndiye mkubwa kweli.

Shida inaanza kwenye miaka 9 hivi. Jicho linakua haraka kuliko mkono. Mtoto anaona mwenyewe kuwa farasi wake ni meza yenye kichwa. Hapo ukimwambia "nzuri sana, hongera!" hakuamini, maana ana macho. Ukimcheka, umemmaliza. Anachohitaji ni ufundi, yaani mtu akae naye amwoneshe namna ya kuutazama mguu wa farasi. Asipoupata ufundi huo kipindi cha shule ya msingi, huenda asirudi tena. Ndiyo maana ukimpa mtu wa miaka 40 kalamu na kumwambia achore mtu, anakuchorea kile kile alichokuwa anachora darasa la 4.

Mtaa usio na fundi

Kwa ambao hamjafika, Dubai Silicon Oasis ni mtaa uliojengwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kampuni za teknolojia, upande wa ndani, mbali na bahari, karibu na barabara ya kwenda Al Ain. Kuna ofisi, fleti, nyumba za familia, shule, chuo cha RIT, supamaketi, na bustani zenye nyasi za kumwagiliwa. Ni mahali pazuri pa kulea watoto, sina ubishi.

Lakini fundi humwoni. Mtoto wa Lamu au wa Mji Mkongwe akitumwa dukani anaweza kumkuta mtu anachonga mlango, mwingine anapaka chombo mafuta, na mlangoni kwa jirani mama amekaa anasuka ukili. Anaona kitu kikiwa nusu. Anaona mtu mzima anakosea, anafumua, anaanza tena, na wala haoni aibu. Hapa kwetu kila kitu kinafika kwenye boksi kikiwa kimekamilika. Picha nazo zinatoka kwenye tableti, safi, hazina alama ya kufutwa. Sasa mtoto akikosea mstari wa kwanza anadhani yeye ndiye mbovu.

Shule zinajaribu. Hapa Dubai mtaala wa Kiingereza na wa Kihindi ndiyo yenye wanafunzi wengi zaidi. Ule wa Kiingereza, kwa watoto wa miaka 7 hadi 11, unataka wawe na daftari la michoro la kuandika wanachokiona, waongeze ufundi wa kuchora, kupaka rangi na kufinyanga, na wawajue wasanii, wasanifu majengo na wabunifu wakubwa. Mpango mzuri. Lakini kipindi ni kifupi na watoto ni wengi, mwalimu hawezi kukaa na mguu wa farasi wa kila mmoja. Na kwenye orodha ya wasanii wakubwa, Van Gogh humkosi. Wa kwetu unaweza kumaliza shule ya msingi bila kumsikia hata mmoja.

Kuna na wazazi. "Sanaa itampeleka wapi? Asome hesabu." Wazazi waliosoma Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 wanakumbuka kuwa somo la Sanaa na Ufundi lilikuwa linatahiniwa darasa la 8. Baadaye likaondolewa kwenye mtihani, na mnajua kinachotokea kwa somo lisilo na mtihani: kipindi chake kinaliwa na hesabu. Mtaala mpya wa Kenya umeirudisha sanaa, lakini ile fikra ya kuwa ni mchezo wa kupotezea muda tumesafiri nayo mpaka huku.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi meza yetu ya chakula inageuka karakana. Wanakuja watoto 5, siku nyingine 7, wa miaka 6 mpaka 11. Wapwa zangu wawili, watoto wa jirani zetu Wakenya, na ndugu wawili ambao bibi yao ni wa Unguja na babu yao wa Oman. Hamna ada, na mimi si mwalimu wa kusomea. Sheria ni mbili tu. Unaongea Kiswahili chochote ulicho nacho, na hakuna anayegusa karatasi ya mwenzake, hata mimi.

Anza na kanga

Kabla ya penseli, macho. Na huhitaji kwenda jumba la makumbusho. Fungua kabati la mama.

Tundika kanga moja kwenye fimbo ya pazia, watoto wakae chini, na uulize maswali matatu. Unaona nini kinaendelea hapa? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Kuna nini kingine? Maswali haya si yangu. Yanatokana na njia iliyotengenezwa Marekani na Abigail Housen, mtafiti, pamoja na Philip Yenawine, aliyekuwa akisimamia elimu kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Uzuri wake ni kwamba humpi mtoto somo la historia. Unamwachia aangalie, halafu unamdai ushahidi.

Mara ya kwanza nilitundika kanga nyekundu yenye yale maumbo ya korosho. Wa miaka 6 akasema anaona samaki. Umeona nini? "Ana mkia." Wa miaka 8 akasema hapana, ni tone la maji, kwa sababu limechongoka juu. Wa miaka 11 akasema yote yanaangalia upande mmoja isipokuwa ya kwenye kona. Mimi nimeiona kanga ile miaka yote na sijawahi kuziangalia kona zake.

Baada ya hapo ndiyo unawapa maneno. Huu mpaka unaozunguka unaitwa pindo. Hapa katikati ni mji. Na haya maandishi ni jina la kanga. Pindo, mji, jina. Kwa maneno hayo matatu mtoto ameshafahamu jambo ambalo walimu wa sanaa wanahangaika kulieleza: kuwa picha ina ukingo, ina kitovu, na kila sehemu ina kazi yake. Kisha wape karatasi, wachore kanga yao. Pindo kwanza, halafu mji, halafu jina. Jina watunge wenyewe. Binti wa miaka 9 aliandika "LIFTI IMEHARIBIKA TENA". Tulicheka wote, lakini kwa kweli hiyo ndiyo kanga: ujumbe kwa jirani.

Angalia kinachotokea upande wa lugha. Mtoto akisema "hapa chini kuna ua kubwa nyekundu", usimsimamishe umpe somo la ngeli. Mjibu tu: "Ee, kweli, ua kubwa jekundu. Liko peke yake?" Amesikia. Inatosha. Anaangalia ua, haangalii makosa yake.

Maji ya kunde

Sasa rangi. Sikilizeni jinsi Kiswahili kinavyotaja rangi. Kijivu kimetoka kwenye majivu. Manjano ni ile bizari ya kutia kwenye mchuzi. Kahawia ni kahawa. Kijani ni jani. Zambarau ni tunda, na huku linauzwa kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la jamun, linunue wakalione, likiwapaka ulimi hawatasahau. Samawati inatoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu, ambalo watoto wa huku wanalisoma shuleni. Na ile nyekundu iliyoiva sana, ya kiza, wazee wanaiita damu ya mzee. Lugha yetu inamwambia mtoto: ukitaka rangi, nenda kaangalie kitu.

Hapa ndipo pana jambo zito kidogo. Binti mmoja wa miaka 7 alichora familia yake, watu wanne, wote akawapaka ile rangi ya pichi inayokuja kwenye boksi. Si wao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ndiyo rangi ambayo watoto darasani wanaiita "rangi ya ngozi", basi akaitumia. Kampuni ya Crayola yenyewe ilikuwa na krayoni iliyopewa jina la rangi ya mwili mpaka mwaka 1962, walipoibadilisha jina na kuiita pichi. Mwaka 2020 wakatoa boksi la rangi 24 za ngozi za watu. Si vibaya kulinunua. Lakini kuna njia bora zaidi, na ni ufundi wenyewe: mfundishe kuichanganya.

Unahitaji rangi nne tu: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Changanya nyekundu na njano upate ya chungwa. Ongeza buluu kidogo, kidogo sana, kwa ncha ya brashi, na utaona kahawia inazaliwa. Ukitaka iwe nyepesi ongeza njano na nyeupe. Ukitaka iive ongeza buluu. Ikiwa kama majani, buluu imezidi, rudisha nyekundu. Kila mtoto ajaribu mpaka apate yake, apake doa kwenye karatasi, aliweke karibu na mkono wake, aone. Ilituchukua Jumamosi nzima.

Kisha wanazipa majina. Hapo nikawaambia kuwa kwa Kiswahili kuna rangi ya ngozi inayoitwa maji ya kunde. Hawakuamini. Maji ya kunde! Tukachemsha kunde kweli, tukatazama. Baada ya hapo majina yakaanza kumiminika: tende, karafuu, chai ya karak, mkate ulioungua kidogo. Yule binti aliita yake "chai ya bibi", maana bibi yake anatia maziwa machache. Hakuna aliyehutubia kuhusu kujipenda. Walikuwa na kazi ya kutafuta rangi, wakaipata.

Mbuzi hana kichwa

Tuje kwenye penseli. Chagua kitu kimoja cha nyumbani kilicho na umbo gumu. Mimi nilileta mbuzi ya nazi. Mtoto mmoja akauliza, "Mbuzi? Mbona hana kichwa?" Basi somo likaanza lenyewe.

Mbuzi ni zuri kuchora kwa sababu watoto hawajazoea kulichora. Nyumba, ua, gari, hivyo wameshakariri namna yake, hawaangalii. Mbuzi hawana namna, lazima waangalie. Waambie watembeze jicho pembezoni mwake polepole, kama sisimizi anavyotembea kwenye ukingo wa meza, na penseli itembee kwa mwendo huo huo. Raba ikae jikoni kwa dakika 10 za kwanza. Mstari ukikosewa, chora mwingine pembeni yake.

Kisha ligeuze, miguu juu. Nilimtaja Lowenfeld. Kuna mwalimu mwingine, Betty Edwards wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 kilimfanya ajulikane kwa hila hii: aliwapa wanafunzi picha iliyogeuzwa juu chini, wakainakili hivyo hivyo. Kitu kikigeuzwa, akili inashindwa kusema "hii najua, ni mguu", na jicho linabaki na mistari na nafasi tu. Waulize kuhusu nafasi: huu uwazi kati ya miguu una umbo gani? Wakichora uwazi vizuri, miguu inajitokeza yenyewe.

Mpwa wangu wa miaka 10 ni wale wa "sijui kuchora". Jumamosi tatu alikaa kwenye kochi na tableti yake, akijibu kila kitu kwa Kiingereza. Hatukumlazimisha. Siku ya mbuzi alikuja kuangalia kwa nini wenzake wanacheka, akachukua karatasi kimya kimya. Dakika kama 15 baadaye akaniuliza, kwa Kiswahili, "Hii nafasi mbona inakuwa nyembamba huku?" Nikamwambia pima kwa penseli. Akapima. Mchoro wake ulikuwa umepinda upande mmoja, lakini mtu yeyote angejua ni mbuzi ya nazi, na angejua lilitazamwa kutokea upande gani wa meza.

Sasa neno lenyewe la leo. Kwenye kila meza ya watoto utalisikia: "Nichoree." Mtoto amekwama, anakusukumia karatasi. Na wewe unampenda, unaweza, ni sekunde 10 tu. Usimchoree. Ukimchorea, mguu utakuwa mzuri, na yeye ameshajua kuwa mkono wake haukutosha. Ni sawasawa na mtu mzima anayekumalizia sentensi yako ya Kiswahili kabla hujafika mwisho. Alikuwa anasaidia, tunajua. Lakini mara ya tano unamwachia aseme yote.

Badala yake muulize. Mguu huu unaanzia wapi? Ni mrefu kuliko huu? Umelala au umesimama? Ikibidi kumwonesha, chukua karatasi yako, mwoneshe pembeni, kisha iondoe mezani ili asikunakili. Saidia jicho lake, mkono umwachie mwenyewe.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa upande wa Kilimanjaro na kusomea Makerere, ni mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, na anajulikana kwa msimamo wake mkali kuwa msanii asinakili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, alipochora kuta za kanisa la Murang'a, hadithi za Biblia alizipeleka kwenye mandhari na watu wa nchi ile ile ya Kikuyu. Alitazama palipokuwa mbele yake. Hicho ndicho tunachomwomba mtoto.

Wasanii wana majina

Shuleni wakifundishwa "sanaa ya Afrika", mara nyingi inakuja bila jina la mtu. Vinyago, basi. Kwa hiyo kwenye meza yetu kila kazi tunayoitazama lazima iwe na mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi za mikono za kila aina kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na akafariki mwaka 1972. Miaka 4 tu. Alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Watoto wakisikia habari ya rangi ya baiskeli wanakaa sawa. Kumbe huhitaji boksi la dirhamu 200.

Zoezi lake ni rahisi na lina ufundi ndani. Mnyama mmoja ajaze ukurasa. Nyuma yake rangi moja tupu. Kisha madoa na mistari. Mtoto anajifunza ukubwa, nafasi, na jinsi rangi ya nyuma inavyomsukuma mnyama mbele. Ila simba na twiga waachie Dar. Muulize: mnyama wako ni nani hapa? Tumepata paka wa maegesho ya magari, mjusi wa ukutani, ngamia aliyeonekana kwenye barabara ya Al Ain, na heroe, wale ndege warefu wa waridi wanaokaa Ras Al Khor, si mbali na hapa. Heroe wana ndugu zao Ziwa Natron, Tanzania. Wenyewe hawana shida ya viza.

Na yupo Lubaina Himid. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, akalelewa huko na mama yake aliyekuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwenye kazi zake utakuta kanga, picha pamoja na maneno yake. Mtoto aliyezaliwa upande mmoja akakulia mwingine, kama sisi. Waoneshe picha zake baada ya zoezi la kanga, si kabla. Wataiona pindo wenyewe.

Mkitaka kutoka, Jameel Arts Centre pale Jaddaf, iliyofunguliwa mwaka 2018, haina kiingilio. Ushauri wangu: kazi moja tu. Kaa nayo dakika 10, maswali matatu, daftari na penseli, halafu mkale aiskrimu. Ukimzungusha mtoto vyumba vyote, atakumbuka aiskrimu tu.

Bibi akija

Jambo la mwisho. Bibi zetu wanakuja kutembea, wanakaa miezi miwili mitatu ndani ya fleti, wanachoka na televisheni. Wengine mikono yao inajua ukili. Ukili wa pwani unasukwa kwa majani ya mkindu na mengineyo. Hapa Imarati kuna ufundi wa khoos, wa kusuka majani ya mtende, na mkindu na mtende ni ndugu wa jenasi moja. Shule zinawaonesha watoto khoos siku za utamaduni. Mtoto wako anaweza kuinua mkono akasema, hii bibi yangu anaijua.

Kwa hiyo mtafutie bibi majani, hata karatasi iliyokatwa vipande virefu, akae na watoto. Yeye hatawaambia maneno mengi. Atasuka, atafumua, atasuka. Ndiye fundi ambaye mtaa wetu hauna. Na Siku ya Mataifa shuleni ikifika, badala ya shuka la kununua, mtoto apeleke kitu alichokifanya kwa mkono wake, kimepinda kidogo, na aweze kueleza kimesukwaje.

Najua kuna msomaji anasema: mimi mwenyewe Kiswahili changu cha kuokoteza, nitafundishaje? Ndiyo kazi inayokufaa. Hapa unahitaji maneno kama 30: juu, chini, pembeni, nyembamba, pana, pindo, kivuli, iliyoiva, iliyofifia. Usipolijua neno, mpigie mama mbele ya watoto umuulize. Wataona mtu mzima akikwama, akiuliza, akiendelea. Hilo nalo wanalihitaji.

Kazi ya wiki hii basi. Kitu kimoja cha jikoni, mtoto mmoja, dakika 15, maswali matatu, penseli, raba iko mbali. Tutumieni michoro, bila sura wala majina ya watoto, tuizungumze kwenye kipindi kijacho. Na akisema "nichoree", mnajua la kufanya.